Kona ya Kiingereza: Sura Moja, Maana Mbili

Mwezi huu tunaongea na nyinyi wazazi mliosoma Kongo au Burundi kwa Kifaransa. Wengi wenu hapa Nsambya na Katwe mnatuambia Kiingereza cha sokoni mnakiweza, ila kile cha ofisi ndicho kinawashinda. Kumbe cha ofisi ndicho mko nacho tayari kichwani! Mwaka 1066 watu wa Normandy, kule Ufaransa, waliiteka Uingereza, na kwa miaka mingi wakubwa wa nchi ile waliongea Kifaransa. Ndiyo maana maneno mengi ya serikali na mahakama yametoka huko: "justice", "persecution", "document". Chukueni daftari, andikeni Kifaransa upande huu, Kiingereza upande ule, maneno matano kwa siku. Matamshi waulizeni watoto, maana shule za hapa zinafundisha kwa Kiingereza. (Wasiwacheke lakini!)

Sasa angalieni vizuri. Kuna maneno sura ni moja ila maana siyo moja, na mengine ni ya hatari. Kwa Kifaransa "assister à" ni kuwapo na kuona jambo likitendeka. Kwa Kiingereza "assist" ni kusaidia. Mama aliyeona nyumba ya jirani ikichomwa, akisema kwenye mahojiano "I assisted", anayemhoji anaweza kuandika kwamba alisaidia kuichoma! Aseme "I saw", ama "I witnessed". Tena "prévenir" ni kupasha habari, lakini "prevent" ni kuzuia. Ukisema "I prevented the police" umejisingizia kuwazuia polisi, na wewe ndiye uliyewaita. "Actuellement" ni kwa sasa, "actually" ni kwa kweli. Na "demander" ni kuomba tu, ila "demand" ni kudai kwa nguvu, na karani atakunja uso. Semeni "I request".

Kama siku ya mahojiano neno linawatia wasiwasi, ombeni mkalimani wa Kiswahili, siyo aibu hata kidogo. Na kabla hamjatia sahihi, ombeni msomewe yaliyoandikwa, polepole.

Mwezi ujao tutaingia hospitali, na tutaanza na neno "consent", kwa sababu akina mama wengi wanalitilia sahihi bila kuuliza maana yake.