Mgeni rasmi ameondoka, utafiti umebaki
KIBARAZANI, na Mama Salma

Mgeni rasmi alitakiwa kwenye warsha ya kuzindua ripoti ya utafiti wa afya saa tatu asubuhi, akaingia saa tano na nusu. Wasomaji wa Kibarazani hamshangai, mnamjua mgeni rasmi kuliko mnavyomjua balozi wenu wa nyumba kumi. Akasoma hotuba, akasema serikali inathamini sana tafiti, akakata utepe mwekundu uliofungwa kwenye ripoti, akapiga picha ya pamoja, akaondoka. Matokeo yenyewe yalikuwa hayajasomwa.

Mimi nikabaki. Sambusa zilikuwa bado hazijaletwa.

Waliobaki nami ndio walioshika bajeti: waganga wakuu wa wilaya, makatibu wa afya, madiwani wachache. Mtafiti, kijana msomi kwelikweli, akawasha projekta na kuanza kumimina Kiingereza na namba za desimali tatu. Jedwali moja lilijaa hadi waliokaa mstari wa mbele wakakunja macho. Akafika kwenye mapendekezo: utafiti zaidi ufanyike. Diwani mmoja, mama wa makamo, akanyoosha mkono. "Mwanangu, ahsante. Sasa nikirudi kwenye kata yangu nipunguze nini, niongeze nini?"

Ukumbi ukacheka. Kijana akajibu kwamba hilo ni suala la kisera, liko nje ya utafiti wake.

Hapo hasira ikanipanda, na hadi naandika haijashuka. Swali pekee la maana siku ile ndilo lililochekwa! Halafu ilikuwa Agosti. Mwaka wa fedha ulikuwa umeanza 1 Julai, mipango ya afya ya halmashauri ilikuwa imeshapitishwa na fedha zimeshagawanywa. Pilau imeiva wageni wameshakwenda zao.

Shemeji yangu wa Buguruni anasema warsha za afya hufanyika hotelini kwa sababu zahanati hazina kiyoyozi. Mimi naona chanzo cha tafiti kuishia hotelini ni kingine: mtafiti anapanda cheo kwa makala iliyotoka kwenye jarida la Ulaya, hapandi kwa mtoto aliyepona Utete kule Rufiji.

Na msiniambie haiwezekani utafiti kuongoza bajeti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya na Wakanada walileta mradi wa afya wa TEHIP Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa na kafa kwa nini. Majibu yakageuzwa michoro myepesi, ikawekwa mezani kwa timu ya afya ya wilaya: ugonjwa huu unaua kiasi hiki, nanyi mnautengea kiasi hiki. Wakaona aibu ya wazi. Malaria ilikuwa inabeba watoto na kutengewa kiduchu. Wakahamisha fedha kwenye vyandarua na tiba ya watoto. Nyongeza waliyotumia haikufika dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka kama mitano. Hapakuwa na muujiza. Mchoro ulifika kabla ya bajeti, basi.

Mkitaka bei ya kuchelewa, kumbukeni klorokwini, dawa ya malaria. Malawi waliiacha mwaka 1993. Sisi Watanzania tuliendelea kuimeza, na kujikuna usiku kucha, hadi 2001, ingawa watafiti walishaonyesha kwamba vimelea vimeizoea. Dawa mseto tukaipata mwishoni mwa 2006. Wanaojua walijua mapema. Waliokuwa wakizika hawakuambiwa.

Kwa hiyo, watafiti wetu: kurasa mbili, kwa Kiswahili, zifike kwa mganga mkuu wa wilaya kabla halmashauri haijaanza kupanga bajeti, zikitaja cha kuongeza na cha kupunguza. Utepe bakini nao.

Nawe msomaji, diwani wako akipita mtaani, muulize fedha za afya za kata yenu ziligawanywa kwa takwimu zipi. Akikuambia ni zile za warsha, muulize aliondoka saa ngapi.