Vijana Peke Yao Hawatoshi

Nakubaliana na wanaosema kwamba Baltimore Orioles imejaaliwa vijana ambao timu nyingi za besiboli zingewatamani, kwani Adley Rutschman na Jackson Holliday, waliochaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya wa miaka ya 2019 na 2022, pamoja na Gunnar Henderson, wote walilelewa katika timu zake za ligi ndogo hadi wakastahiki kupanda ligi kuu. Walakini siafikiani nao hata kidogo wanapodhani kuwa subira yatosha. Timu iliyoshinda michezo 101 mwaka 2023 ilishinda 75 tu mwaka 2025, na sababu kubwa, kwa rai yangu, ni kwamba Corbin Burnes, mrushaji hodari kupita wenzake wote, alipohamia Arizona, hakupatikana wa kadiri yake. Sasa Samuel Basallo, mdakaji kijana kutoka Jamhuri ya Dominika, amekwisha kutia saini mkataba wa miaka 8, na Rutschman naye yungali pale pale. Wadakaji wawili wa daraja hiyo ni wa nini, ilhali safu ya warushaji ina pengo? Nawasihi wakuu wa timu, ijapokuwa yaniuma kulitamka, wamtoe mmoja wa wadakaji hao ili wapate mrushaji wa kuanza mchezo, tena bila kukawia.