Fomu ya ulemavu isiishie kwenye mguu

Wiki iliyopita nilijaza fomu ya mama mmoja, fundi cherehani, ambaye polio ilimdhoofisha mguu wa kushoto tangu utotoni. Fomu ilitaka mambo mawili tu: aina ya ulemavu na asilimia yake. Nilimpima nguvu za misuli, nikamwambia atembee kidogo. Alipiga hatua sita kwa mkongojo juu ya vigae, bila kuyumba. Nikaandika, nikagonga muhuri. Alipofika mlangoni akaniuliza: “Daktari, mbona hujaniuliza nimefikaje hapa?”

Nikamrudisha kitini. Kumbe aliondoka kwake saa kumi na moja alfajiri, daladala mbili zikamwacha kituoni kwa sababu anachelewa kupanda, kisha akazipanda ngazi zetu kwa kushika ukuta. Fomu haikuuliza hayo na mimi, kusema kweli, sikuyatafuta.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha mwongozo uitwao ICF, unaotenganisha mambo tunayoyachanganya kila siku. Kuna hitilafu ya mwili, yaani huo mguu. Kuna shughuli, kama kutembea na kuoga. Kuna ushiriki: kazi, shule, ibada, mikutano ya mtaa. Na kuna mazingira, ambayo humsaidia mtu au humkwamisha. Mwongozo huo pia unatofautisha anachoweza mtu akipimwa mahali patulivu na anachofanya kweli katika maisha yake. Hatua sita kwenye vigae ni jambo moja. Njia ya mchanga hadi kituoni ni jambo jingine kabisa.

Sikatai asilimia. Aliyekatwa vidole na mashine kazini anahitaji namba ili alipwe fidia. Ila namba hiyo haimwelezi ofisa ustawi wa jamii kama mtu anahitaji kifaa, mtaji au choo chenye vishikio.

Hata wanaohesabu watu wametuzidi katika hili. Maswali mafupi ya Kundi la Washington, yanayotumika katika sensa za nchi nyingi, hayataji neno ulemavu. Yanauliza kama mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, au hawezi kabisa. Hayatoshi kumpima mgonjwa, na hayakutungwa kwa kazi hiyo, lakini angalau yanaanza na maisha ya mtu.

Kwa watoto madhara ni makubwa zaidi. Mtoto asiyesikia akipimwa akili kwa maswali ya mdomo ataonekana mzito wa kuelewa, na maandishi hayo yatamfuata hadi shuleni. Masikio yapimwe kwanza. Kama anatumia lugha ya alama, mkalimani awepo, na mtoto aulizwe mwenyewe badala ya kumgeukia mzazi tu.

Yule mama tuliongea nusu saa nyingine, foleni ikinung’unika nje. Cherehani yake ni ya kukanyaga, naye huikanyaga kwa mguu mmoja kutwa nzima. Jioni goti la kulia huvimba. Mota ndogo ya umeme ingemsaidia sana. Nimeiandika pembeni mwa fomu, maana nafasi yake haikuwepo.