Rangi ya Chai Si Ushahidi wa Umri



Mama mmoja alinijia na chai nyeusi iliyoshindiliwa, mviringo mfano wa mkate wa mofa. Mwanawe aliinunua Guangzhou kwa bei kubwa, akiambiwa ina miaka 30. Je, ni kweli?

Chai hii, pu'er, hutoka jimbo la Yunnan, Uchina. Huchachuka polepole, na kadiri izeekavyo ndivyo bei ipandavyo. Hapo ndipo hila hupenya. Tangu 1973 iko njia ya kurundika majani na kuyatia maji, yakawa meusi kwa majuma machache. Chai hiyo ni njema. Kosa ni kuiuza kwa jina la ukongwe. Nayo karatasi yenye tarehe huweza kughushiwa.

Basi mtafuteni muuzaji atajaye mwaka, kiwanda na mahali ilipohifadhiwa, naye akubali kuwauzia kipande kidogo cha kuonja kwanza. Ikinuka ukungu, iacheni. Akidai ukongwe kwa bei rahisi, mwepukeni.

Nilimjibu mama yule: rangi pekee haithibitishi miaka hiyo. Usimlaumu mwanao, kama kuna ghushi, dhambi ni ya aliyeuza.