Hatari Ipi Itangulie?

Hakuna serikali, hata iliyo tajiri, iwezayo kupambana na kila uchafuzi kwa siku moja. Fedha zina kikomo na wakaguzi ni wachache. Ni lazima kuamua lipi litangulie, na uamuzi huo ni suala la haki, wala si la kitaalamu tu.

Mwaka 1987 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilitoa ripoti ambamo wataalamu wake wapatao 75 walilinganisha matatizo 31 ya mazingira. Waliona kwamba shirika lilifuata hofu ya umma kuliko ukubwa wa madhara. Majalala ya taka za kemikali, yaliyovuma magazetini, yalitengewa fedha nyingi. Hewa chafu ya ndani ya nyumba, waliyoihesabu miongoni mwa hatari kubwa, ilisahauliwa.

Nasi tujipime. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, tukashangilia, na kwa haki. Lakini moshi wa jikoni je? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo zaidi ya 237,000. Mama anayepuliza mafiga haonekani barabarani kama mfuko ulionasa mtini.

Hata hivyo, hatuwaachii wataalamu peke yao kazi hii, kwa kuwa hesabu ya jumla huwameza walio wachache. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wenye watu wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, na sumu ya risasi ikaingia katika damu ya watoto. Katika orodha ya taifa zima wangekuwa mstari mmoja wa chini. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024, baada ya rufaa. Watoto walikuwa wamekwisha kukua.

Basi viongozi wa walei, mkutano wa hadhara kuhusu mazingira uitishwapo, msiende peke yenu. Nendeni na wapishi, na wanaoishi ukutani mwa kiwanda. Mwulizeni ofisa: orodha yenu imepangwa na nani, na nani hakuulizwa?