Barua ya Wazi: Maji ya Qangded Hayafiki Eyasi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Maji,

(Jina la ofisi nimelihifadhi. Mwenyewe unajijua, na wakulima wa Mang'ola wanaujua mlango wako.)

YAH: MAJI KUTOFIKA ZIWANI

Natumaini kazi zako zinaendelea. Zangu zimesimama, ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi ni dereva wa watalii mstaafu. Enzi nikipandisha wageni kutoka Karatu kwenda kreta ya Ngorongoro, mmoja wao alinifundisha kuvua kwa ndoano ya manyoya: unafunga unyoya na uzi kwenye ndoano ndogo mpaka ifanane na mdudu, unairusha, samaki anaifuata juu ya maji. Kwenye vijito vya Qangded, huku Mang'ola, vinavyoelekea Ziwa Eyasi, nilivua hivyo perege na kambale. Kisha riziki ikanipeleka Mwanza, nikakaa huko miaka mingi. Mwaka jana nilirudi. Nikakata leseni ya uvuvi, nikanunua fimbo na mishipi kwa kiinua mgongo changu, nikapatana na kambi za wageni niwapeleke watu wao kuvua. Kiangazi kilipokolea, kijito kiliishia kwenye mashamba ya vitunguu. Chini ya hapo ni tope lililopasuka. Wageni nimewarudishia fedha zao. Za kwangu sijui nimdai nani.

Ofisi yako ilikuwa imepanga zamu: pampu za wakulima zipumzike kwa siku maalumu, maji yapite. Tangazo lilibandikwa, lina muhuri, linasomeka vizuri. Hakuna aliyekuja kulisimamia. Pampu ziliunguruma siku za zamu kama siku nyingine zote, na maji hayakufika ziwani. Nilipokuja kulalamika, kijana wako wa mapokezi aliniuliza kwa upole kwa nini nisinunue sato sokoni Karatu. Nimeutafakari ushauri huo. Labda ungefaa kuwa sera: kila mto ukikauka, wananchi waelekezwe sokoni.

Huyo kijana simlaumu; huenda hajaambiwa ni samaki gani tunaozungumzia. Perege wa Eyasi, ambaye wataalamu humwita *Oreochromis amphimelas*, hayupo popote duniani isipokuwa katika maziwa machache ya magadi ya Tanzania, kama Eyasi, Manyara na Kitangiri. Eyasi lenyewe halina kina. Mwaka wa ukame hunywea mpaka ukaona chumvi nyeupe tu. Samaki huponea kwenye maji matamu, penye chemchemi na midomo ya mito, na mvua kubwa zikirudi, hao waliopona ndio wanaolijaza ziwa upya. Kwa hiyo maji yasipofika ziwani hatupotezi kitoweo cha msimu mmoja. Tunapoteza mbegu. Mvua itanyesha, ziwa litajaa, na ndani yake hakutakuwa na wa kuzaliana.

Ng'ombe wa Wadatoga nao wanakosa pa kunywa. Wavuvi wa nyavu wanahama. Hayo unayajua.

Wala sisemi vitunguu ving'olewe. Vitunguu vya Mang'ola vimesomesha watoto wengi, wakiwemo wa ndugu zangu. Mkulima anachota alichoruhusiwa, au alichoachiwa. Anayeruhusu na anayeachia ni wewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka mpangilio: kwanza maji ya nyumbani, pili maji ya kuulinda mto wenyewe na viumbe wake, ndipo kilimo na biashara. Sheria ya Mazingira ya 2004 ikakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nimesimama kwenye kingo hizo. Nikinyoosha fimbo yangu ya kuvulia, naigusa pampu.

Kinachouma zaidi ni kwamba maji haya yanalindwa kwa gharama kubwa huko yanakotoka. Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, unaolisha chemchemi zetu, una askari, una mageti, na ukiingia na ng'ombe utaeleza. Tone linalindwa mlimani tangu hifadhi ianzishwe 1959, likifika bondeni linakuwa la mwenye injini kubwa. Si Karatu peke yake. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kila kiangazi mwaka 1993 kwa sababu ya maji yanayochepushwa Usangu, na tangu hapo tumeona makongamano mengi kuliko maji. Nchi hii ni hodari wa kutunga sheria za mito. Kuisindikiza mito hadi mwisho wake ndiko kunakotushinda.

Ninaomba mambo matatu. Pampu zote kati ya chemchemi na ziwa zihesabiwe, na zisizo na kibali ziondolewe. Orodha ya vibali na kiasi cha maji ya kila kimoja ibandikwe kwenye ofisi za vijiji, tusome wote. Na siku za zamu, mtu wa ofisi yako awepo pale kijito kinapoingia ziwani, siyo kwenye ubao wa matangazo.

Vitunguu vya kiangazi kijacho vitapandwa karibuni. Usisaini kibali kipya hata kimoja kabla hujaenda kwa miguu yako kuona kama maji yanafika Eyasi. Hayafiki.

Naomba kuwasilisha.

Mvuvi wa ndoano, Karatu