Baden-Powell Hakubuni Neno Skauti

Neno la Kiingereza scout, ambalo Kiswahili hulitamka skauti, hudaiwa kuwa lilibuniwa na Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, yule aliyezikwa Nyeri, Kenya, na kwamba maana yake ya asili ni kijana mwenye skafu na kiapo.

Tarehe pekee zinatosha kuliangusha dai hili. Baden-Powell alizaliwa 1857. Neno lilikuwa katika Kiingereza tangu karne ya 14. Lilitoka kwa escouter ya Kifaransa cha kale, yaani kusikiliza, nayo ikatoka kwa auscultare ya Kilatini. Skauti wa mwanzo alikuwa mtega sikio, askari aliyetangulizwa kumpeleleza adui.

Dhaifu kuliko yote ni hilo la vijana, na anayelikanusha ni Baden-Powell mwenyewe. Kitabu chake Aids to Scouting, cha 1899, kiliandikiwa askari. Kambi ya wavulana kisiwani Brownsea ilikuja 1907, na Scouting for Boys 1908. Alilichukua neno jeshini akawapa watoto. Hiyo ni kazi kubwa. Haihitaji kuongezewa uongo.

Wala Nyeri haiuhitaji. Baden-Powell alifia hapo, katika nyumba yake Paxtu kwenye hoteli ya Outspan, tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya maskauti ya kusema mtu amekwenda nyumbani.